Testa yasema pawa ni nzima, mbona kompyuta yazima?

*"Salaam aleikum, fundi. Nina duka dogo la kuchapa na fotokopi hapa Langoni, Lamu. Kompyuta yangu ni ya mezani, kasha kubwa, nilinunua ikiwa imeshatumika na ninayo mwaka wa tano sasa. Kwa wiki tatu inazima ghafla na kujiwasha upya, hasa siku za kazi nyingi za kuchapa. Asubuhi nikibonyeza kitufe, feni inashtuka kidogo kisha inatulia. Nikijaribu mara nne au tano inawaka, na ikishawaka yaweza kwenda mpaka adhuhuri. Mpwa wangu ameniletea testa ya pawa saplai kutoka Mombasa, ile ya mkononi yenye kiskrini. Tulipochomeka ikasoma 3.3, 5.1, 12.2, ile 12 ya hasi ikasoma 11.8, 5VSB ikasoma 5.0, na PG 310. Haikulia. Fundi wa mtaani akasema basi pawa ni nzima, mazabodi ndiyo imekufa, ninunue kompyuta nyingine. Je, nimwamini? Mpwa wangu anataka kuifungua pawa aisafishe vumbi, na ameona watu wakiunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi. Tena nina Dell ndogo ambayo plagi yake haiingii kabisa kwenye testa. Nisaidie kabla sijatoa pesa."*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Pesa zako ziweke kwanza, na kompyuta usiitupe. Ulichokieleza nimekiona sana hapa Malindi, na katika mashine zinazoletwa kwangu kutoka Lamu, na mara nyingi mwenye kosa amekuwa ni pawa ile ile ambayo testa imeitakasa.

Fundi wako amefanya hesabu inayofanywa na wengi: testa haikulia, kwa hivyo pawa ni nzima; pawa ni nzima, kwa hivyo ubovu uko kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vitu vyote ndani ya kasha. Hatua ya kwanza ndiyo yenye tundu. Testa ikisema pawa ni mbovu, iamini. Ikisema ni nzima, imekuambia tu kwamba haikuona ubovu katika sehemu ndogo inayoweza kuiangalia. Na katika maelezo yako kuna dalili mbili ambazo testa haina njia ya kuziona: kule kusumbua asubuhi, na kule kuzima wakati wa kuchapa.

Tuanze na namba zako. Pawa saplai hupokea stima ya ukutani, kwetu volti 240, ikaigawa kuwa volti ndogo za DC, yaani umeme wa upande mmoja: 12 kwenye waya wa njano, 5 kwenye mwekundu, 3.3 kwenye wa rangi ya chungwa, 12 ya hasi kwenye wa buluu, na 5VSB kwenye wa zambarau. Huu wa zambarau huwa hai muda wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ndio unaoiwezesha mazabodi kuhisi kidole chako kinapobonyeza kitufe. Kanuni za ATX, yaani zile za pawa za kompyuta za mezani, zinaruhusu asilimia 5 juu au chini. Kwa hivyo 12 yatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6, 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na 3.3 iwe kati ya 3.14 na 3.47. Ile 12 ya hasi imepewa nafasi zaidi, asilimia 10, yaani kutoka 10.8 mpaka 13.2. Zako zote zimo ndani. Mpwa wako alipima vizuri na alisoma sawa.

PG si volti, ni muda, na hiyo 310 ni milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Pawa ikiwaka, mazabodi haianzi kazi papo hapo. Pawa husubiri volti zitulie, kisha hutuma ishara ya PG kwa waya wa kijivu: sasa anza. Kwa kawaida muda huo ni kati ya milisekunde 100 na 500. Ishara hiyo hiyo ikikatika katikati ya kazi, hata kwa kufumba na kufumbua, mazabodi hujizima au hujiwasha upya ili kuilinda kazi isiharibike. Shika hilo, tutalirejea.

Sasa iangalie testa yenyewe. Ni nyepesi, yaingia kiganjani, na ndani yake hamna cha kula umeme ila risista ndogo za kuifanya pawa ikubali kuwaka. Mzigo wake ni wa wati chache tu. Kompyuta kama yako ikiwa imetulia hula labda wati 40, na ikikaza kazi yaweza kupita 100, tena kwa mishtuko: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipewa kazi huvuta ghafla, ikimaliza huachia. Wewe ni mtu wa Lamu, punda huna haja ya kuelezwa. Punda amesimama kivulini pale Mkunguni, masikio juu, mkia wapepea. Kila apitaye atasema huyu mzima. Mpakie magunia ya mchanga umpandishe vichochoro vya Mkomani, ndipo utakapojua ni mguu upi unaomuuma. Testa imempima punda wako akiwa kivulini.

Kuna na jambo jingine isiloliona, nalo ni utulivu wa ile volti. Volti 12 yaweza kuwa inatikisika kama maji kwenye ndoo inayobebwa: wastani wake ni 12, lakini uso wake hautulii. Kanuni zinaruhusu mtikisiko usiozidi milivolti 120 kwenye 12, na milivolti 50 kwenye 5 na 3.3. Kuupima huo kunataka oskiloskopu, chombo ambacho hata mafundi wengi hatuna. Kiskrini cha testa kitakuandikia 12.2 na basi.

Njoo kwenye asubuhi. Feni kushtuka kisha kutulia kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni pawa kujizima yenyewe kwa sababu imeona waya mahali umegusana: skrubu imeanguka juu ya mazabodi, pini za tundu la USB zimepinda, au chumvi na unyevu vimefanya njia pasipotakiwa. Ya pili ni kapasita zilizochoka. Kapasita ninazozisema ni vile vikopo vidogo vya aluminiamu vyenye maji ya kemikali ndani, kazi yao kuhifadhi umeme kidogo na kuutuliza. Miaka ikipita maji yale hukauka. Kapasita iliyokauka huwa na upinzani mkubwa ikiwa baridi, na ikipata joto kidogo upinzani hupungua ikafanya kazi kiasi. Ndiyo sababu unajaribu mara nne haiwaki, mara ya tano inawaka: kila ulipobonyeza uliipasha moto kidogo. Waya uliogusana hauponi kwa kujaribiwa mara tano. Kwa hivyo dalili yako inaelekea zaidi kwa kapasita.

Nasema inaelekea, maana sijaiona mashine, na kapasita hazipo ndani ya pawa peke yake. Mazabodi nayo inazo, karibu na prosesa. Ondoa ubao wa ubavuni wa kasha, ile sanduku ambayo wengi huiita CPU, umulike kwa tochi ya simu. Vichwa vya vikopo vile vinatakiwa viwe bapa. Ukiona kimoja kimevimba juu kama kifuniko cha mkebe ulioharibika, au kimetoa uchafu wa kahawia, hapo fundi wako atakuwa na haki, na mimi nitakubaliana naye. Vikiwa bapa vyote, usikubali mazabodi ihukumiwe.

Duka lako lenyewe ni mahali pagumu kwa vikopo hivi. Watengenezaji wa kapasita huhesabu kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua nusu. Weka joto la pwani, kisha vumbi la karatasi na unga wa wino wa fotokopi ulionata kwenye feni ya pawa mpaka haivuti hewa, kisha upepo wa bahari unaoleta chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kufanya utando unaopitisha umeme kidogo kidogo na kuzila pini. Mashine iliyokuja kwako ikiwa imeshatumika, ikaongeza miaka mitano Langoni, imefanya kazi ya kutosha.

Sasa kuzima wakati wa kuchapa, na hapa nina swali ambalo naona hujaulizwa: fotokopi yako imechomekwa wapi? Ikiwa iko kwenye ekstensheni moja na kompyuta, nadhani tumeshamkamata mwenye kosa pamoja na mshirika wake.

Ndani ya mashine ya fotokopi, au printa yoyote ya leza, kuna roli ya moto inayoyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi. Kila inapojipasha huvuta wati mia kadhaa, nyingine hupita 1000, kwa mkupuo. Tazama taa au feni ya dari wakati fotokopi inaamka: taa hupepesa, feni hubadili sauti kidogo. Hiyo ni volti ya ukutani imeanguka kwa muda mfupi, hasa kama waya wa ekstensheni ni mwembamba na mrefu, au nyaya za nyumba ni za zamani.

Kompyuta nzima haitakiwi hata kujua kwamba hilo limetokea. Ndani ya pawa kuna kapasita moja kubwa, na kazi yake ni kama birika la maji katika nyumba zenu za mawe: mtu huteka birikani, hategemei maji yanayoingia dakika ile ile. Stima yetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na birika hili hujazwa mara 100 kwa sekunde. Katikati ya mjazo na mjazo, kompyuta hula akiba. Kanuni zinataka stima ikikatika kabisa, pawa iendelee kushikilia kwa takriban milisekunde 16 au 17 ikiwa na mzigo wake wote. Pawa nzima huvuka mtikisiko wa fotokopi bila wewe kujua. Lakini birika likijaa tope, halichukui tena maji yake. Tena akiba hufuata volti kwa ukali: kwenye pawa nyingi za bei ya kawaida, stima ikishuka kutoka 240 hadi 200, akiba haipungui sehemu moja ya sita kama volti ilivyopungua, hupungua karibu theluthi. Basi kapasita imechoka, volti imeanguka, roli inavuta, akiba inakwisha kabla ya mjazo unaofuata. Pawa inakata ile ishara ya PG. Mazabodi inajiwasha upya. Wewe unaona kompyuta imezima na kazi ya mteja imepotea.

Testa ilipochomekwa, fotokopi haikuwa ikijipasha, na hata ingekuwa, mzigo wa wati chache usingeweza kulimaliza birika.

Kwa hivyo kazi ya kwanza haina gharama. Kesho ichomeke fotokopi kwenye soketi yake ya ukutani, mbali na kompyuta, ikiwezekana upande mwingine wa duka. Fanya kazi siku mbili. Ukiona kuzima kumepungua sana lakini asubuhi bado inasumbua, umeupata ukweli: pawa imechoka, na fotokopi ilikuwa ikiisukuma mtaroni. Usifikiri basi imepona, kwa sababu akiba ya birika itazidi kupungua.

Watu wengi hapa wangekuambia nunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta stima ikikatika. UPS ni kitu kizuri kwa duka lako, lakini haiponyi pawa iliyochoka. UPS za bei ya chini zinahitaji milisekunde kadhaa kuhama kutoka stima kwenda betri, na ni birika lile lile la pawa linalotakiwa kulivuka pengo hilo. Nimeona watu wakilalamika kwamba UPS ni mbovu kwa sababu stima ikikatika kompyuta huzima hata hivyo, na ubovu ukapatikana kwenye pawa. Na tafadhali, fotokopi au printa ya leza usiichomeke nyuma ya UPS ndogo. Ile roli itailemea.

Kazi ya pili ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko testa yoyote: azima pawa nzima kwa mtu, iliyo na plagi ile ile ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 4 au 8, ufanye kazi nayo siku mbili tatu. Asubuhi ikiwaka kwa mguso mmoja, na ikachapa siku nzima bila kuzima, hukumu imeshatoka. Ikizima vile vile, pawa yako haina hatia, na sasa mazabodi iangaliwe kwa haki.

Nakuhimiza hivi kwa sababu nimeshakosea hapo mwenyewe. Miaka ya nyuma mzazi mmoja aliniletea kompyuta ya watoto wake, ikizima kila baada ya saa moja. Nikaweka testa, namba zote safi. Nikamwambia anunue mazabodi, akanunua kwa pesa ambazo najua hakuzipata kirahisi. Nikaifunga, na siku ya tatu akarudi na kilio kile kile. Nilipobadilisha pawa, ikatulia. Pesa zake nilimrudishia, lakini watoto walikuwa wameshakaa wiki mbili bila mashine wakati wa mitihani. Tangu siku hiyo sitoi hukumu ya mazabodi kabla ya kuazima pawa nyingine.

Kama hupati ya kuazima, na mpwa wako ana mita ya mafundi, kuna njia ya katikati. Aweke mita kwenye DC, kipimo cha volti 20. Kompyuta ikiwa inafanya kazi, atafute ndani ya kasha ile plagi nyeupe ya pini nne iliyoachwa bila kitu, yenye waya wa njano, mweusi, mweusi na mwekundu. Ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye wa njano. Ashike kwa utulivu, asiguse pini mbili kwa ncha moja. Halafu wewe ipe kompyuta kazi: fungua faili kubwa, cheza video, nakili picha nyingi kwenye flashi. Ikiwa ile namba inateremka kutoka 12.1 hadi 11.6, kisha 11.3, unaiona pawa ikipiga magoti mbele ya macho yako. Ikikaa imara kwenye 12 na kompyuta ikazima hata hivyo, hapo mita haijathibitisha chochote, maana ni chombo cha polepole. Anguko la milisekunde 20 hupita kabla namba haijabadilika.

Nisije nikaonekana naibeza testa. Ninayo mezani na naitumia kila siku, kwa sababu pawa iliyokufa kabisa au iliyopotoka huikamata kwa dakika moja. Ila itumiwe ipasavyo. Plagi ya ukutani itolewe kwanza, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Plagi za pawa zitolewe zote, kwenye mazabodi, diski na kadi. Plagi ya pini 24 iingizwe kwenye testa, na ya prosesa kwenye tundu lake, ndipo stima iwashwe. Hapo kuna mtego: plagi ya prosesa ya pini 8 na ile ya kadi ya picha ya pini 8 zinafanana, lakini njano na nyeusi zake zimepangwa kinyume. Soma maandishi yaliyo kando ya tundu, na plagi ikikataa usiisukume kwa nguvu. Skrini ikiandika LL, volti iko chini mno au haipo. Ikiandika HH, iko juu mno, na pawa hiyo usiirudishe kwenye mazabodi hata kwa dakika moja. Volti 5 ya hasi isipoonekana usishtuke, pawa za miaka hii hazina. Na namba ikikaa mpakani, kama 11.4, hakikisha kwa mita, kwa kuwa testa hizi huweza kukosea kwa sehemu ya kumi ya volti.

Mnapotoa ile plagi ya pini 24, itazame mdomoni. Pini zinatakiwa zing'ae. Ukiona plastiki imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, au pini ina ukijani wa kutu, mguso wake ni mbaya na hapo joto linazaliwa. Hiyo peke yake yatosha kuibadilisha pawa.

Klipu ya karatasi, mwambie mpwa wangu aiache kwenye karatasi. Kuunganisha kijani na mweusi ni kuiambia pawa iwake, basi. Testa imeshafanya hivyo kwa ndani na ikasoma namba juu yake. Klipu haisomi kitu. Tena pawa nyingine nyaya zake zote ni nyeusi, na anayefuata rangi atajikuta ameunganisha asichokijua.

Kuifungua pawa yenyewe, hapana. Nalisema hili kwa uzito wote. Lile birika nililolieleza hukaa na volti zinazokaribia 340, na katika pawa za aina nyingine hukaribia 400. Plagi ikitolewa ukutani, volti hizo hazitoki papo hapo. Bisibisi moja ikiteleza, kijana ataumia vibaya au atapoteza maisha, kwa ajili ya vumbi. Vumbi laweza kutolewa bila kuifungua: toa plagi, peleka kasha nje kibarazani, puliza kwa kipulizio au brashi laini kupitia matundu ya feni, ukiizuia feni kwa kijiti isizunguke. Hilo litaisaidia kupoa. Kapasita iliyokauka haitarudishiwa maji.

Kwenye ile Dell ndogo, testa haina kosa. Dell, HP na Lenovo, katika kompyuta zao nyingi za ofisi, hutumia plagi zao wenyewe, zenye pini chache, na nyingine hutoa volti 12 peke yake ikiwa mazabodi ndiyo inayotengeneza 5 na 3.3. Rangi za nyaya huko si za kutegemea. Zungusha Dell yako utazame nyuma, karibu na tundu la waya wa stima: nyingi zina kitufe kidogo na taa. Bonyeza kitufe stima ikiwa imeingia. Taa ikiwaka kijani, pawa inaamka. Lakini nayo ni kipimo cha punda kivulini. Ikihitaji kubadilishwa, tafuta ya modeli ile ile, kwa namba iliyo kwenye kibandiko.

Ukifika wakati wa kununua ya hii kubwa, usivutwe na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha haihitaji wati 600. Afadhali ya wati 300 za kweli kuliko 600 za kibandiko. Soma mstari wa 12V: ampea zake ukizizidisha kwa 12 unapata wati za maana. Ikiwa kibandiko kinadai 600 na mstari wa 12V una ampea 16, hizo ni wati 192, na nyingi ya zilizobaki zimeandikwa tu. Ibebe mkononi pia. Pawa nzuri ina uzito, na ile nyepesi kama mkebe mtupu imenyimwa vitu ndani. Kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma, hakikisha iko 230 kabla ya kuichomeka. Kwenye 115 italipuka kwa kishindo.

Kuna mambo ambayo ukiyaona, acha kila jaribio nililolisema, toa plagi, na umwite mtu. Harufu ya kuungua, moshi, mlio wa kupasuka, plagi au soketi iliyoshika weusi: mpe fundi wa kompyuta, na usiiwashe "kuangalia kama bado". Na ukigusa kasha kwa mkono ukahisi kijiumeme kinatambaa, hilo ni jambo la nyumba. Pawa hizi zimeundwa zikitegemea waya wa ardhini, na usipokuwepo, kasha hubaki na umeme mdogo unaosisimua ngozi. Katika nyumba za zamani za Lamu waya huo mara nyingi haupo au umekatika. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, aupime, kwa sababu siku pawa ikiharibika vibaya, waya huo ndio unaomlinda mtoto aliyegusa kasha akiwa peku.

Na ukiamua kunitumia mimi huku Malindi, usilete kompyuta nzima. Fungua skrubu nne nyuma ya kasha utoe pawa peke yake, baada ya kuiacha bila stima usiku mzima. Itie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mdomo kabla ya kupanda boti ya Mokowe, maji ya bahari yasiirukie, na ndani yake weka karatasi yenye zile namba zote mlizosoma kwenye testa, na jibu la swali langu: siku fotokopi ilipohamishwa soketi, kompyuta ilizima mara ngapi?